Nyumba ya Kuishi na Duka Mbele: Kodi za KRA Unazipangaje (Mwongozo Kamili)

Ukipita Kisauni, Likoni, Majengo ama hata Mtwapa utaona nyumba moja inafanya kazi tatu, mbele duka, nyuma watu wanapika na kulala, juu wapangaji. Ukimuuliza mwenye nyumba habari ya kodi atakwambia "mi nalipa rates za kaunti basi", ama ni yule mwingine alienda saiba akajaziwa kila shilingi kwenye MRI, yaani kodi ya kila mwezi ya pango la kuishi, na mpaka leo hajui kwa nini. Wote wawili wamekosea pamoja, wanaihesabu nyumba kama kitu kimoja.

Sheria ya Kenya haina kodi inayoitwa ya nyumba yenye duka. Kuna kodi ya pango la kuishi, kuna ya pango la biashara, kuna ya mauzo ya duka lako mwenyewe, na kile chumba unacholala hakina kodi ya mapato kabisa kwa sababu hakikuletei kitu. Kwa hivo kazi yako ya kwanza sio kujaza fomu, ni kuigawa nyumba.

Nitatumia nyumba ya shangazi yangu mwanzo mpaka mwisho, ndo niliyohangaika nayo mpaka nikaelewa. Ni nyumba ya ghorofa moja. Chini mbele kuna vyumba viwili vya biashara, kimoja duka lake mwenyewe la unga, sukari, mafuta na vikorokoro, cha pili amempangisha kinyozi kwa 12,000 kwa mwezi. Chini nyuma anaishi yeye na wajukuu. Juu kuna nyumba mbili za wapangaji, kila moja 15,000.

Hatua ya kwanza: chukua tepu upime

Usikadirie kwa macho. Pima kila sehemu, urefu mara upana, andika kwenye karatasi moja pamoja na mchoro hata kama ni wa kalamu tu. Kwa shangazi ilitoka hivi: nyumba yote mita za mraba 240, duka lake 24, duka la kinyozi 24, anapoishi 72, wapangaji wa juu 120. Yaani asilimia 10, 10, 30 na 50.

Ngazi na uwanja mnaotumia wote usiihesabie sehemu yoyote, iache nje. Weka tarehe kwenye hiyo karatasi, piga picha, tia kwenye faili. Siku mtu wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, akiuliza "hii asilimia kumi umeitoa wapi" unamwonyesha mchoro. Shangazi alinicheka siku hiyo, ati "mwanangu unapima nyumba kama unaninunulia kapeti".

Kisha andika pembeni ya kila sehemu pesa inayotoka hapo. Anapoishi, sifuri. Juu, 30,000 kwa mwezi. Kinyozi, 12,000. Duka lake, mauzo kama 150,000 kwa mwezi. Sasa unazo njia tatu za kodi na kila moja ina mlango wake.

Hatua ya pili: pango la kuishi, hii ndo MRI

MRI ni ya pango la makazi peke yake. Ukikusanya zaidi ya 288,000 kwa mwaka mpaka milioni 15 kutoka kwa watu wanaolala humo, unalipa asilimia 7.5 ya pesa yote uliyopokea, bila kutoa gharama yoyote, hata rangi hata fundi wa bomba hakuna. Kabla ya Januari 2024 ilikua asilimia 10 kwa hivo usishangae ukikuta watu bado wanataja kumi.

288,000 ni sawa na 24,000 kwa mwezi. Shangazi anapata 30,000, amepita, kwa hivo 30,000 mara 7.5% ni 2,250 kila mwezi. Na ukishapita mstari unalipa kwenye pesa yote, sio kwenye kile kilichozidi, hapa wengi hukosea. Ritani, ile fomu ya kutangaza mapato, na malipo ni kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya Machi, tarehe 20 Aprili.

Cha muhimu zaidi ni kwamba hesabu ya hiyo 288,000 haiingizi pango la duka. Angekua na mpangaji mmoja tu juu, yaani 180,000 kwa mwaka, asingekua kwenye MRI hata kama kinyozi analipa pesa nyingi kiasi gani, ile 180,000 ingeenda kwenye ritani ya mwaka pamoja na mapato mengine.

Uzuri wa MRI ni kwamba ukishalipa imeisha. Hiyo 360,000 ya mwaka haiongezwi tena juu ya mshahara wako ama faida ya duka. Ubaya wake ni kwa mtu aliyejenga na mkopo, anailipa benki riba kila mwezi na MRI haijali. Mtu kama huyo anaweza kumwandikia Kamishna barua kuomba atolewe kwenye MRI awe anatozwa kwa ritani ya mwaka ambako riba na matengenezo yanatolewa. Piga hesabu zote mbili kwanza kabla ya kuandika barua.

Hatua ya tatu: pango la duka, usilichanganye

Hapa ndo shangazi aliumia. Karani mmoja wa saiba alimjazia 42,000 kila mwezi kwenye MRI, yaani wapangaji wa juu pamoja na kinyozi. Alikua analipa 900 zaidi kila mwezi, 10,800 kwa mwaka, na kumbe hiyo pesa haikufaa kwenda huko kabisa. Pango la biashara linaenda kwenye ritani ya kawaida ya mwaka, ile ya mwisho wake tarehe 30 Juni, na huko unatozwa kwenye kilichobaki baada ya gharama.

Tuhesabu basi. Kinyozi 12,000 mara 12 ni 144,000. Gharama ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayohusu duka la kinyozi peke yake, kama kurekebisha mlango wake wa chuma 9,000, hiyo inatolewa yote. Ya pili ni ya nyumba nzima, hiyo unatoa asilimia 10 tu kwa sababu ndo ukubwa wa duka lake. Bati zilizooza zilibadilishwa kwa 150,000, unatoa 15,000. Bima ya nyumba 18,000, unatoa 1,800. Kodi ya ardhi 24,000 kwa mwaka, unatoa 2,400. Jumla 28,200. Kinachobaki ni 115,800.

Viwango vya mtu binafsi vinaanza na asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, kwa hivo kodi ni 11,580, halafu kuna nafuu binafsi ya 28,800 kwa mwaka ambayo kila mkaazi anapata. Nafuu imemeza kodi yote. Shangazi analipa sifuri kwenye pango la kinyozi. Sifuri! Lakini lazima alitangaze kwenye ritani, sifuri haimaanishi unyamaze.

Sasa kama wewe ni mwalimu ama umeajiriwa mahali usifurahi haraka, nafuu yako mwajiri ashaitumia kwenye PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Ile 115,800 inakaa juu ya mshahara, na kama mshahara umepita 388,000 kwa mwaka inatozwa asilimia 30, hiyo ni 34,740. Kwa mtu wa namna hiyo kupima na kutunza risiti ni pesa kabisa.

Neno kuhusu matengenezo. Kurudisha kitu kilivokua ni gharama ya mwaka huo, bati mpya badala ya iliyooza, plasta iliyobanduka, waya zilizoungua. Kuongeza kitu kisichokuepo, ghorofa nyingine, chumba kipya, fremu ya duka iliyotobolewa kwenye ukuta wa sebule, hiyo haitolewi kama matengenezo, inaongeza gharama ya nyumba yenyewe na utaihitaji siku ukiuza.

Na risiti. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) yenye PIN yako, yaani namba yako ya kodi, KRA wanaweza kuikataa, kwa hivo ukienda hadiwea kununua bati na misumari sema PIN yako kabla hawajapiga risiti. Baada ya kupiga utabembeleza mpaka uchoke.

Wale wa nyumba bila ardhi

Hii ni ya kwetu Mombasa hasa. Watu wengi nyumba ni yao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na wanamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hiyo unayomlipa mwenye kiwanja ni gharama halali, unaigawa kwa asilimia ileile ya vipimo. Tatizo ni kwamba nyingi zinalipwa mkononi na kaandikwa kwenye kijitabu chenye sahihi isiyosomeka. Anza kulipa kwa M-Pesa ama benki, uandike "kodi ya ardhi" na mwezi wake, na ukiweza umwombe risiti inayofaa.

Hatua ya nne: duka lako mwenyewe

Kwanza toa fikra ya kujilipa pango. Duka ni lako na nyumba ni yako, wewe ni mtu mmoja, huwezi kujitoza 12,000 ukaandika ni gharama ya duka. Ikiwa duka ni kampuni limitedi hapo ni mtu mwingine kisheria, kampuni inakulipa pango, na hilo pango linakua la biashara kwako, rudi hatua ya tatu.

Kwa duka la kawaida kuna njia mbili. Mauzo ya mwaka yakiwa juu ya milioni 1 mpaka milioni 25 unaingia kwenye TOT, yaani kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo yote, kila mwezi kabla ya tarehe 20. Hii ilikua asilimia 1, ikapandishwa Julai 2023. Shangazi anauza 150,000, TOT ni 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka. Kwenye TOT hutoi gharama yoyote, kwa hivo vipimo vya tepu havikusaidii hapa.

Angalia vizuri, ni asilimia 3 ya mauzo na sio ya faida. Ukiuza viatu vya mtumba unaopata faida nusu kwa nusu haiumi sana. Duka la unga na sukari ni jambo lingine, mfuko unauza unabaki na shilingi chache. Shangazi baada ya kutoa mali, stima, asilimia 10 yake ya bati na bima, anabaki kama na 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka. Sheria inamruhusu kuchagua kutoka kwenye TOT akatozwa kwa ritani ya mwaka. Tukijumlisha 216,000 ya duka na 115,800 ya kinyozi ni 331,800. Za kwanza 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800, zilizobaki 43,800 kwa asilimia 25 ni 10,950, toa nafuu 28,800, analipa 10,950 kwa mwaka mzima badala ya 54,000.

Tofauti ni 43,050, sio pesa ya kuchezea. Lakini mi sijamwambia mtu yeyote ahame bila kuniambia kwanza kama ana daftari. Huko kwenye ritani ya mwaka kila mzigo ulionunua uwe na risiti ya eTIMS, mauzo yaandikwe kila siku, na mtu wa kununua mali kwa jumla kutoka kwa gari linalopita mtaani bila risiti atajikuta faida yake kwenye karatasi ni kubwa mara tatu ya ile ya kweli. Kwa mtu huyo TOT ni nafuu hata kama inauma.

Na kuwa kwenye TOT peke yake hakukuondolei eTIMS, usidanganywe na mtu.

Ukiwa kwenye hesabu ya mwaka vitu viwili vinahitaji macho. Stima: weka mita ya tokeni ya duka peke yake. Friji ya soda ya dukani na friji ya nyumbani zikila tokeni moja hutaweza kumthibitishia mtu chochote, na kuongeza mita ni rahisi kuliko kubishana kila mwaka. Pili ni kile watu wa nyumbani wanachochukua dukani. Mjukuu anatumwa "kalete mafuta na sukari", inatoka kwenye rafu, haiandikwi, mwisho wa mwezi mali imepungua na pesa hakuna. Matumizi ya nyumbani hayakubaliki kama gharama ya biashara. Shangazi ametundika daftari la shule kwenye msumari karibu na mizani, kila kinachotoka kwenda jikoni kinaandikwa kwa bei ya kununulia. Wiki ya kwanza ilifika 1,900, hakuamini.

Mpangaji anayelala dukani

Swali hili naulizwa sana. Mpangaji amekodi duka na chumba cha nyuma analala humo, analipa 14,000 pamoja. Ni MRI ama ni biashara? Usiache pesa moja isiyo na maelezo. Kwenye mkataba andika sehemu mbili, mfano duka 9,000 na chumba 5,000, kwa bei inayoendana na mtaa, na kwenye risiti pia zitenganishe. Ile 5,000 inaingia kwenye hesabu ya makazi, 9,000 kwenye biashara. Usifanye ujanja wa kuandika chumba 13,000 na duka 1,000, kila mtu anajua bei ya duka la barabarani.

Na mkataba wenyewe uandikwe. Mkataba wa duka usioandikwa, ama ulioandikwa wa miaka isiyozidi mitano, unaangukia kwenye sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, na hapo huwezi kupandisha kodi ama kumtoa mtu kwa kumwambia tu "mwezi ujao uhame". Inatakiwa notisi rasmi ya miezi miwili na akikataa mnaonana kwenye baraza la wapangaji. Sio kodi ya KRA lakini nimeona watu wanakumbuka kuandika mkataba siku ya ugomvi. Ushuru wa stempu kwenye mkataba ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka kama mkataba hauzidi miaka mitatu, ukizidi ni asilimia 2.

Hatua ya tano: VAT, angalia tu kama inakugusa

Pango la kuishi halina VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Pango la duka lina VAT ya asilimia 16 lakini mpaka ufike milioni 5 kwa mwaka za mauzo yanayohesabiwa, na hapa pango la maduka na mauzo ya duka lako yanajumlishwa pamoja. Shangazi ana milioni 1.8 ya duka na 144,000 ya kinyozi, yuko mbali. Mtu mwenye hadiwea kubwa chini na maduka manne ya kukodisha pembeni ajumlishe leo asingoje barua.

Hatua ya sita: ingia iTax upange majukumu

iTax ni tovuti ya KRA. Ingia na PIN yako, angalia majukumu gani ya kodi umesajiliwa. Kwa nyumba kama hii yawe matatu: kodi ya mapato ya mkaazi, pango yaani MRI, na TOT kama hujachagua kutoka. Wengi wana la kwanza peke yake wanajaza sifuri kila Juni na kinyozi analipa kila mwezi.

Kalenda yako ni nyepesi, tarehe 20 kila mwezi MRI na TOT, tarehe 30 Juni ritani ya mwaka. Mi namwekea shangazi alamu ya tarehe 15 kwa sababu siku za mwisho mtandao unakua mzito. Ukichelewa kulipa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, na ukichelewa kupeleka ritani ya mwaka ni 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Ukigundua ulijaziwa vibaya kama shangazi, unarekebisha ritani zile za nyuma humohumo iTax na kuomba kilichozidi, inachukua muda lakini inawezekana, chukua mkataba wa duka na vipimo uambatanishe.

Kila Julai angalia viwango upya, sheria ya fedha huja karibu kila mwaka na ushaona hapo juu MRI ilishuka na TOT ikapanda ndani ya miezi michache.

Upande wa kaunti ni mfupi: kibali cha biashara kwa duka lako, kinyozi akate chake mwenyewe, na kama kiwanja ni chako na hati inasema makazi peke yake, kutoboa maduka kunahitaji kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi. Fanya hivo kabla ya kumwita fundi.

Siku ukiuza

Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida, tangu 2023, zamani ilikua 5. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo mpaka siku ya kuuza ina msamaha, na watu wa nyumba zenye duka huutegemea huo msamaha kwa jengo lote. Usifanye hivo. Duka la kinyozi na nyumba za juu sio makao yako, jitayarishe kutetea ile asilimia 30 unayolala na kulipia iliyobaki.

Hapa sasa ndo karatasi ya tepu inarudi, pamoja na risiti za kila kitu ulichoongeza, mawe, simenti, ngazi ya ghorofa, kwa sababu zote zinapunguza faida. Shangazi alijenga juu 2009 na risiti zake ziko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, nyingine wino umefutika umebaki weupe. Tumezipiga picha zilizosalia, zile zilizofutika tumemtafuta fundi aliyejenga akaandika na kuweka sahihi alinunua nini na lini, na kopo amelirudisha chini ya kitanda.